Vikombe, vijiko na gramu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vipimo vya kuoka

Nafundisha kuoka nyumbani kwangu Tanga, na maswali haya huulizwa wiki baada ya wiki. Yanazidi Ramadhani inapokaribia, watu wakitaka maandazi ya futari na vileja vya sikukuu vitoke sawasawa. Nimeyajibu jinsi ninavyowajibu wanafunzi wangu mezani.

Kikombe kimoja cha unga wa ngano ni gramu ngapi?

Gramu 125. Hilo andika kwenye daftari, lakini usilitegemee kabla hujajua mkono wako unavyojaza kikombe.

Siku moja niliwaita wanafunzi watatu, nikawapa ndoo moja ya unga na kikombe kimoja cha mililita 240. Wa kwanza aliukoroga unga kwanza ukalegea, akaujaza kwenye kikombe kwa kijiko, kisha akapitisha bapa la kisu juu ya ukingo. Mizani ikasoma gramu 122. Wa pili alikizamisha kikombe ndani ya ndoo, akakitoa kimejaa, akasawazisha: 146. Wa tatu alichota, akakigongagonga kikombe mezani unga ukashuka, akaongeza, akaushindilia kwa kiganja: 168.

Kikombe ni kilekile na unga ni uleule, ila kati ya wa kwanza na wa tatu kuna gramu 46. Ukipika kitu cha vikombe vinne, hizo ni gramu 184, karibu kikombe kimoja na nusu cha unga ambacho hakikuandikwa popote. Ndiyo maana keki ya mmoja inatoka laini na ya jirani yake kavu, na wote wawili wanaapa wamefuata maelezo. Wanasema kweli.

Hata waokaji wa Marekani, ambako kupima kwa kikombe ndiyo kawaida, hawakubaliani: wako wanaohesabu gramu 120 kwa kikombe, wako wanaohesabu 140. Mimi nimeshika 125 kwa sababu ndiyo inayokaribia unga uliolegezwa na kusawazishwa, na kwa sababu vikombe vinne vinakuwa nusu kilo kamili, hesabu rahisi kichwani.

Maelezo yanasema "kikombe". Ni kikombe gani?

Inategemea aliyeandika yuko wapi. Kikombe cha Marekani ni mililita 236.6, na wengi hukihesabu 240. Cha Australia ni 250. Tofauti ya hivyo viwili ni ndogo, isikusumbue. Kinachoharibu kazi ni kikombe cha chai. Kabatini mwangu kuna cha kauri kinachochukua mililita 180 mpaka ukingoni, na kuna magi inayochukua 330. Vyote viwili watu huviita "kikombe kimoja".

Kipime chako leo. Kiweke juu ya mizani, rudisha sifuri, kijaze maji mpaka ukingoni, usome. Gramu moja ya maji ni mililita moja, kwa hiyo namba unayoiona ndiyo ujazo wa kikombe. Iandike chini ya kitako kwa kalamu isiyofutika.

Kuna jambo hapa ambalo watu hawaambiwi. Kama kila kitu kwenye mapishi kimepimwa kwa kikombe kimoja (unga, sukari, mafuta, maziwa), ukubwa wa kikombe hauna neno, maana uwiano unabaki uleule. Matatizo yanaanzia kwa mayai, hamira na vitu vya pakiti, kwa kuwa hivyo havipungui wala kuongezeka kwa kufuata kikombe chako. Keki ya mayai manne inataka kikombe kilekile cha aliyeitunga.

Naomba uzito wa vitu tunavyotumia kila siku.

Hivi ni kwa kikombe cha mililita 240, kilichosawazishwa bila kushindiliwa. Namba ni za gramu, na nimezikadiria, kwa kuwa unga wa kampuni moja na wa nyingine haulingani kabisa.

Unga wa ngano mweupe: 125
Unga wa mchele: 155
Semolina: 170
Mchele mkavu: 190
Sukari nyeupe: 200
Sukari ya kahawia, iliyoshindiliwa: 215
Sukari ya unga: 120
Siagi au majarini: 225
Samli iliyoyeyuka: 215
Mafuta ya kupikia: 220
Maziwa au mtindi: 245
Tui zito: 240
Asali: 340
Kakao: 85
Nazi kavu ya pakiti: 85
Zabibu kavu: 150
Ufuta: 145

Sukari ya kahawia ndiyo pekee inayopimwa kwa kushindilia, kwa desturi ya mapishi ya Kimarekani. Ukiimimina kama mchanga utapata pungufu.

Mbona kikombe cha asali ni 340 na cha kakao ni 85 tu?

Kakao ni vumbi lililojaa hewa, na asali haina nafasi ya hewa hata kidogo. Kikombe kinapima nafasi iliyochukuliwa. Hakijui ndani ya nafasi hiyo mna kitu kiasi gani. Kwa hiyo usijaribu kutafuta namba moja ya kubadilishia vyote. Kila kitu kina yake, na ndiyo maana orodha ya hapo juu ni ndefu.

Nafanyaje hesabu kutoka gramu kwenda vikombe?

Gawanya gramu zinazotakiwa kwa uzito wa kikombe kimoja cha kitu hicho. Sukari gramu 350, ugawe kwa 200: unapata 1.75, yaani kikombe kimoja na robo tatu. Unga gramu 300, ugawe kwa 125: unapata 2.4. Ile 0.4 inayobaki izidishe kwa 16, kwa kuwa kikombe kina vijiko 16 vya chakula, utapata vijiko sita na kidogo. Kutoka vikombe kwenda gramu unazidisha.

Mililita na gramu si kitu kimoja?

Kwa maji ndiyo. Kwa maziwa na tui ni karibu sana. Kwa vingine sivyo, na kosa hili nimeliona mara nyingi kwa sababu jagi la kupimia limeandikwa mistari ya mililita na watu wanalisoma kama gramu. Mafuta mililita 500 yana uzito wa gramu 460 hivi, maana mafuta ni mepesi kuliko maji. Asali gramu 250 haifiki hata mililita 180. Aliyeimimina asali mpaka mstari wa 250 ameweka gramu 355, na keki yake itaungua juu kabla ya kuiva katikati, kwa sababu asali huwahi kubadilika rangi.

Baadhi ya majagi yana mistari ya "unga" na "sukari" pembeni. Ni msaada kidogo, ukikumbuka wale wanafunzi watatu.

Sina mizani. Nifanyeje?

Mizani iko dukani. Nenda kwa muuza duka wa mtaani anayepima sukari na unga, mwambie akupimie robo kilo ya unga wa ngano na robo kilo ya sukari, kila kimoja kwenye mfuko wake. Rudi nyumbani na chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, iliyokatwa shingo. Mimina unga taratibu, tikisa kidogo tu ulale, piga mstari kwa kalamu: "unga 250". Uondoe, mimina sukari, piga mstari wa pili. Utaona mstari wa sukari uko chini sana kuliko wa unga, na hapo somo zima linakuwa mbele ya macho yako. Chupa hiyo itakutumikia miaka, mradi uijaze kila siku vilevile ulivyoijaza siku ya kwanza.

Njia ya pili ni kuhesabu vikombe vya pakiti. Fungua pakiti ya unga ya kilo moja, uchote kwa kikombe chako jinsi ulivyozoea, uhesabu vinatoka vingapi. Vikitoka saba, kila kimoja ni gramu 143. Vikitoka nane, ni 125. Njia hii naipenda kwa kuwa inapima kikombe na mkono kwa pamoja. Sukari kilo moja hutoa vikombe vitano vya mililita 240.

Majarini ni rahisi kuliko vyote: kopo la gramu 500 ligawe kwa kisu sehemu nne, kila robo ni 125.

Na hamira, chumvi, beking pauda, iliki?

Hapa nageuka na kusema tumia kijiko. Mizani nyingi za jikoni husoma gramu moja moja, na kitu cha gramu tatu juu yake kinaweza kusomeka mbili au nne. Kwa hamira hiyo ni tofauti kubwa. Kijiko cha chai kinachotakiwa ni cha mililita 5, na cha chakula ni mililita 15, isipokuwa mapishi ya Australia ambako cha chakula ni 20.

Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kinachukua hamira kavu ya chembechembe gramu 3, beking pauda gramu 4 na ushei, chumvi laini gramu 6, iliki iliyosagwa gramu 2. Chumvi ya mawe hukaa na mapengo, kwa hiyo kijiko chake ni chepesi, isage kwanza. Pakiti ya hamira ya gramu 11 ni vijiko vitatu na nusu vya chai, na ile ya gramu 7 ni viwili na robo. Ukisoma mapishi ya nje yanayosema "pakiti moja ya hamira", aghalabu ni ya gramu 7. Ukiitia yetu ya 11 kinyunya kitaumuka haraka mno na mkate utanuka hamira.

Vijiko vya kukorogea chai vya nyumbani havifanani hata ndani ya seti moja. Kama una kile kijiko cha plastiki kinachokuja na dawa ya maji ya watoto, kina mstari wa mililita 5. Pima maji kwa hicho, uyamimine kwenye kijiko chako cha chai, uone kama kinajaa au kinafurika.

Mayai ninayahesabu vipi?

Yai la kisasa la wastani, bila ganda, ni gramu 50: ute mweupe gramu 30 na kitu, kiini 17 au 18. Yai la kienyeji linaweza kuwa 35. Mayai sita ya kienyeji kwa hiyo ni kama manne ya kisasa, na mkate wa mayai uliopigwa kwa sita ya kienyeji huku unga ni wa sita ya kisasa utakuwa mgumu, kwa kuwa unga umekosa kitu cha kuulainisha.

Kwa mkate wa mayai mimi hupasua mayai kwanza, nikayapima, halafu napima sukari na unga kwa kufuata uzito wa mayai.

"Unga uliochekechwa" na "unga, uchekeche" vina tofauti?

Vina tofauti kubwa. "Vikombe viwili vya unga uliochekechwa" maana yake chekecha kwanza, halafu pima; kikombe kitakuwa na gramu 110 hivi. "Vikombe viwili vya unga, kisha uchekeche" maana yake pima kwanza. Soma neno lililo karibu na kipimo.

Mchele wa mkate wa sinia nao una mtego huohuo. Mchele ukilowekwa usiku kucha hunywa maji na uzito wake hupanda karibu theluthi. Nusu kilo ya mchele mkavu na nusu kilo ya mchele uliolowekwa ni michele miwili tofauti. Mpishi akinyamaza, chukulia kwamba amepima mkavu, kwa sababu ndivyo unavyotoka dukani.

Nionyeshe mapishi mazima yakigeuzwa.

Tuchukue maandazi ya tui. Kwenye daftari langu la zamani yameandikwa hivi: unga vikombe 4, sukari nusu kikombe, tui zito kikombe 1 na robo, samli vijiko 2 vya chakula, hamira kijiko 1 cha chakula, iliki kijiko 1 cha chai.

Yakigeuzwa: unga gramu 500, sukari 100, tui 300, samli 27, hamira 9, iliki 2.

Sasa tazama tui likilinganishwa na unga: 300 kwa 500, yaani asilimia 60. Hapo kinyunya kinakuwa laini, kinashika mkono kidogo mwanzoni na kuachia ukishakanda. Yule mwanafunzi wa pili, anayezamisha kikombe kwenye ndoo, atakuwa ameweka unga gramu 584 kwa tui lilelile. Kwake tui limeshuka hadi asilimia 51. Kinyunya kitamkatalia, atatoka jasho akikanda, maandazi yatakuwa mazito na hayatapata lile tumbo tupu ndani. Atalaumu hamira.

Ukishakuwa na gramu, kuzidisha hakuna taabu. Shughuli inataka unga kilo 3? Kila kitu mara sita: sukari 600, tui 1,800, samli 160. Hamira ingekuwa 54, lakini mimi huweka 45 hivi, kwa kuwa kinyunya kikubwa kinahifadhi joto lake na huumuka haraka, hasa kwenye joto la kwetu la Desemba mpaka Machi.

Hewa ya pwani ina unyevu. Gramu zinasaidia hapo?

Zinasaidia kiasi. Unga uliokaa wazi masika huwa umeshanyonya unyevu hewani, kwa hiyo gramu 500 zako zina maji ndani yake tayari. Zuia vijiko viwili vitatu vya tui au maziwa, uvitie mwishoni ukiona kinyunya kinaviomba. Na hifadhi unga kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana.

Wakia, ratili, "stiki" ya siagi: hizi nazigeuzaje?

Wakia ni gramu 28, ratili ni wakia 16, yaani gramu 454. "Stiki" moja ya siagi kwenye mapishi ya Marekani ni gramu 113, nusu kikombe. Angalia wakia ya ujazo, ambayo ni ya vitu vya maji tu: ya Marekani ni mililita 29.6 na ya Uingereza 28.4. Painti nazo hazilingani: ya Marekani ni mililita 473, ya Uingereza 568. Kitabu cha Uingereza kinachosema nusu painti ya maziwa kinataka 284.

Ninunue mizani ya aina gani?

Ya dijitali, inayobeba kilo 5, yenye kitufe cha kurudisha sifuri. Kitufe hicho ndicho kinachokuokolea vyombo: unaweka bakuli, sifuri, unga, sifuri, sukari, sifuri, asali moja kwa moja kutoka kwenye chupa bila kuchafua kikombe. Iweke mahali tambarare na pasipo feni inayoipuliza. Ijaribu kila mwezi kwa maji mililita 500. Ikisoma mbali na 500, badilisha betri kwanza kabla ya kuitupa.

Bibi zetu hawakuwa na gramu na walipika vizuri. Kwa nini tujisumbue?

Bibi zetu walipima, tena kwa makini. Walikuwa na pishi, na kibaba ambacho ni robo yake, na walikuwa na maneno ya kutofautisha yale ambayo wanafunzi wangu watatu hawakuyajua: kibaba cha tele ni kilichojazwa kikawa na kilima juu, kibaba cha mfuto ni kilichofutwa kikawa sawa na ukingo. Mtu akiuza au kununua ilimbidi aseme ni kipi. Vitu vya thamani, kama samli, walivinunua kwa ratili na wakia.

Vileja vya bibi yangu nilivishindwa kwa miaka. Aliniachia maneno haya: unga wa mchele vikombe viwili na nusu, samli nusu ratili, sukari, mayai na iliki. Nilipima unga kwa kikombe changu cha mililita 240, gramu 387, na samli gramu 227 kama alivyosema. Kila nilipooka, vileja vilitawanyika kwenye sinia vikashikana, mafuta yanang'aa pembeni. Nilibadilisha samli, nikabadilisha mchele, nikapunguza moto.

Kikombe chake cha bati, cha buluu, kilichobanduka rangi ukingoni, kilikuwa kabatini muda wote huo. Siku niliyokijaza maji, mizani ilisoma 284, nusu painti ya Kiingereza. Nikakikausha, nikajaza unga wa mchele, nikapitisha kisu: mfuto. Gramu 183. Mara mbili na nusu ni 458, gramu nne tu juu ya ratili. Kumbe bibi alikuwa akitia ratili moja ya unga kwa nusu ratili ya samli. Nilioka jioni ileile, na vileja vikasimama.